Karatasi ya Hawo

Juzijuzi niliingia duka la vitambaa kule Eastleigh kumtafutia mjukuu wangu nguo ya harusi. Nikiwa bado napapasa hariri, mwenye duka akaweka kaa la moto kwenye kifukizo na kunyunyizia unsi juu yake. Unsi si ubani mtupu. Hupikwa kwa sukari na marashi, na moshi wake hukaa kwenye nguo siku tatu. Nilisimama na kitambaa mkononi mpaka yule kijana akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nakumbuka. Na niliyoyakumbuka sijawahi kuyasimulia, hata kanisani ambako watu husimulia kila kitu. Ninyi ndio wa kwanza.

Nilikuwa na miaka minane tulipoishi Garissa. Baba alikuwa fundi wa mtambo wa kuvuta maji kutoka mto Tana. Sisi ni Wataita wa milimani, tuliozoea ukungu na migomba, na huko tulipewa nyumba ya mabati kwenye kota za serikali, mahali ambapo saa saba mchana hata kuku walikanyaga chini kwa tahadhari. Uhuru ulikuwa mbichi bado, lakini vita vya mashifta vilikuwa vimeshaiva. Niliwasikia wakubwa wakisema kuna watu wanataka nchi ikatwe, upande ule uende Somalia. Basi kila asubuhi nilikuwa nikiutazama ukingo wa mto nione kama mkato umeshaanza.

Vita sikuvielewa, ila shaka niliielewa vizuri sana. Msomali akisimama karibu na nguzo ya simu, watu wa kota walisema anahesabu waya. Akicheka, kuna lori limelipuka mahali. Asipocheka, kuna lori litakalolipuka kesho. Nao, nadhani, walitutazama vivyo hivyo: akipita mgeni mwenye kitabu na kalamu, walijiuliza ni kijana wa nani ataamkia kwenye gari la askari. Jirani yetu Mama Kyalo, mke wa askari polisi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabati, alikuwa na methali moja aliyoitia katika kila mazungumzo kama chumvi: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mama yangu ndiye aliyekuwa akiongoza darasa la Biblia la wanawake. Hakuchaguliwa. Mchungaji alikuwa akitufikia mara moja moja kwa msafara wa malori, na barabara zilipoanza kutegwa mabomu akaacha kabisa kuja. Mama alikuwa amesoma madarasa manne kwenye misheni ya nyumbani, akaona yanatosha. Kila Alhamisi saa tisa na nusu alitandika mkeka barazani, akaweka mtungi wa maji na Biblia mbili, moja yetu na moja ya kuazima, ambayo kurasa za mwisho zililiwa na mchwa, hata tukamaliza mwaka mzima bila kugusa Ufunuo. Wanawake walikuwa watano au sita. Kila mmoja alisoma mstari mmoja, kidole chini ya neno, taratibu, na aliyekwama alisubiriwa. Mama hakuruhusu mtu kumdokezea mwenzake. "Mwacheni," alisema. "Neno analolifikia mwenyewe halimtoki." Kisha wakazungumza juu ya walichosoma, na mwisho kila mtu alitaja haja yake ili iombewe.

Hawo aliingia katika darasa hilo kwa njia ya maziwa. Alikuwa Msomali wa pale pale mjini, mrefu, mwembamba, umri wa kama miaka ishirini na tano, na kila asubuhi alituletea maziwa ya ngamia kwenye chombo cha nyuzi kilichofukizwa moshi. Alhamisi moja alirudi alasiri, mikono mitupu, nguo zake zikinukia unsi. Akavua makubazi, akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Salaam aleikum. Mimi nakaa haba," alisema, maana kila p ilimtoka kama b. "Nasikia tu."

Wanawake walitazamana. Mama alisogeza mtungi kumpa nafasi karibu naye. "Karibu. Tunasoma habari za Yusufu."

"Yusuf mtoto ya Yaqub?" Hawo akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyo namjua. Ndugu zake walimtuba kisimani."

Ndivyo alivyoanza. Wakati wa swala ya alasiri ulipofika aliondoka kimya, akaswali nyuma ya jiko letu, akarudi kuketi palepale. Mama alisimamisha usomaji mpaka arudi. Mama Kyalo alihesabu kila dakika kwa kupumua. Hakuna aliyemwambia Hawo abadili dini, wala yeye hakuonyesha kwamba angetaka. Alijisogeza tu, wiki baada ya wiki, mpaka akawa bega kwa bega na mwenye Biblia, macho yake yakifuata kidole kama paka anavyofuata uzi.

"Anatafuta nini?" Mama Kyalo aliuliza siku moja wageni walipoondoka. "Mwislamu kwenye Biblia? Mke wangu wa askari mimi, na yeye anakaa magotini pangu?" Alipokasirika maneno yake yalipindana hivyo, na mimi nilificha uso nisicheke.

"Anasikiliza," Mama alisema.

"Hilo ndilo ninalosema! Anasikiliza!"

Sasa sikieni kilichotokea. Alhamisi moja, wakati wa kutaja haja, Mama Kyalo alisema: "Mniombee Baba Kyalo. Jumanne anasindikiza malori kwenda Bura." Wakaomba. Hawo aliinamisha kichwa pamoja nao. Jumanne lori la mbele likakanyaga bomu. Baba Kyalo alirudi akiwa hai, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa hadi begani, na vidole viwili havikurudi naye.

Tangu siku hiyo darasa likaharibika. Hawo alikuja kama kawaida, akampa Mama Kyalo pole, na Mama Kyalo akageuza uso. Haja za maombi zikawa vitendawili. "Tumwombee yule," alisema mke wa karani wa posta, "anayekwenda kule, kwa ajili ya kile." Na wote wakaitikia amina kwa uzito, bila yeyote kujua wameombea nini. Wanawake wawili wakaacha kuja. Waliobaki walimwambia Mama, mbele yangu, achague: Hawo au wao.

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Mna ushahidi?"

"Ushahidi ni mkono wa mume wangu."

"Huo ni ushahidi wa bomu," Mama alisema. "Hawo atakaa mpaka mniletee wa Hawo."

Mama Kyalo aliuchukua ule msemo kama agizo. Kesho yake aliniita jikoni kwake, akanipa kipande cha sukari guru, akaniambia mimi ni msichana mwenye macho makali. Nilijua hivyo tayari, lakini nilifurahi kuona jambo hilo limegunduliwa. Kazi yangu ilikuwa kuketi nyuma ya Hawo na kumtazama mikono. "Usimwambie mama yako," alisema. "Mama yako ana moyo mwema, na moyo mwema ndio unaotumaliza."

Nikatazama. Alhamisi ya kwanza sikuona kitu. Ya pili, wakiwa wanasoma jinsi Yusufu alivyotiwa gerezani, Hawo alipeleka mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo ikaota manyoya. Akaifungua ndani ya kiganja. Akatazama Biblia, akatazama karatasi, tena Biblia, tena karatasi. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kisha akairudisha upesi na kutazama huku na huku.

Sikungoja hata watu waage. Nilimfuata Mama Kyalo nyumbani kwake nikamwambia yote, na kwa kuwa aliniuliza kwa hamu, nikaongeza kwamba kwenye karatasi kulikuwa na mistari kama barabara. Sikuwa nimeiona mistari yoyote.

Alhamisi iliyofuata askari wawili walikuja kwa Landrova. Tulikuwa tumefika pale Yusufu anapowashtaki ndugu zake kwamba wamekuja kupeleleza nchi, na ilikuwa zamu ya mke wa karani kusoma. Alinyamaza katikati ya neno. Askari mmoja akamwambia Hawo asimame na atoe alichonacho kifuani. Hawo hakukimbia, hakulia. Lakini karatasi ilipotoka mkononi mwake alipiga kelele ambayo sikujua mtu mzima anaweza kuipiga.

"Hiyo yangu! Usifungue! Hiyo yangu mimi!"

Wakamtia garini. Mama aliinuka, akavaa leso, akaweka Biblia kwapani, na kunishika mkono. Njiani, jua likituchoma visogo, nilikaza miguu hata akasimama. Nikamwambia. Nikamwambia hata ile mistari niliyoizua. Nilitegemea kofi. Mama akaendelea kutembea, na mkono wangu hakuuachilia. Hapo ndipo nilipotamani kofi.

Kituoni tulimkuta Hawo amesimama mbele ya meza, na ofisa kijana akiifungua ile karatasi. Mama akajitambulisha kuwa kiongozi wa darasa, akasema anamdhamini huyu mama. Ofisa akamjibu kwa adabu kwamba angoje, kwanza karatasi isomwe. Akaisoma kwa sauti, ili wenzake wasikie. Ilikuwa barua ya Kiswahili kibovu, na mwanzoni askari walicheka makosa yake.

Ilitoka gerezani, mbali, huko bara. Mume wa Hawo alikuwa amekamatwa kisimani pamoja na wanaume wengine, miezi mingi iliyopita. Aliyeiandika alikuwa mfungwa mwenzake. Ilimsalimu Hawo, na mama yake, na ngamia mmoja kwa jina lake. Ilisema kifua kinamsumbua na usiku ni baridi. Hapo ofisa alipunguza sauti, na askari wakaacha kucheka, lakini alikuwa ameshaanza na hakujua namna ya kuacha. Akasoma mpaka mwisho. Mwisho ulisema: sitatoka, na nikitoka sitakuwa mtu. Usiningoje. Wewe ni huru, uolewe.

Ofisa aliikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akampa Hawo kwa mikono miwili. "Nenda nyumbani, mama," alisema.

Tulitoka watatu. Tulitembea hadi karibu na soko ndipo Mama alipouliza, kwa upole, kwa nini hakumletea yeye amsomee.

"Nikibeleka sokoni, mtu wa soko anajua bwana yangu ako jela ya serikali, anasema huyu atataja watu," Hawo alisema. "Nikibeleka kwako, Mama Kyalo anajua mimi bibi ya shifta. Nikaona nijifunze. Kwenu mnasoma bole bole, na kidole." Alikuwa hatazami yeyote kati yetu. "Nilibakisha mistari minne tu, abaayo, dada yangu. Ile ya mwisho. Ningefika mwenyewe, nyumbani kwangu, mlango nimefunga."

Kisha akakata kona kuelekea kwao. Hakurudi. Tangu kesho yake maziwa yaliletwa na mwanamke mwingine, aliyeyaweka mlangoni na kuondoka bila salamu.

Kuhusu lori la Bura, Baba alisema jambo ambalo wote tulilijua ila hakuna aliyetaka kulijua: malori yale yalipakiwa mbele ya soko Jumatatu kutwa. "Hata mbuzi walijua yanakwenda wapi," alisema.

Alhamisi iliyofuata Mama alitandika mkeka kama kawaida. Walikuja wawili tu, mmoja wao Mama Kyalo, aliyeketi karibu na mlango kama mtu anayengoja kuitwa. Mama akaniweka katikati, akaniambia niseme nilichofanya. Nilisema niliona karatasi. Nilisema niliongeza mistari. Nilipofika hapo nikakwama, na hakuna aliyenidokezea. Ni Mama Kyalo aliyemaliza. "Mimi ndiye niliyemtuma," alisema, na yule mwanamke wa kicheko akajifunika uso kwa leso. Mwaka uliofuata Baba alihamishiwa Voi, nasi tukaondoka.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii moyoni mwangu kwa namna moja. Palikuwa na watu wenye shaka, yaani Mama Kyalo na mimi, na palikuwa na mtu mmoja asiyekuwa nayo, yaani Mama. Nilimwona kama mtu aliyeumbwa bila kiungo hicho, na nilipokuja kuongoza darasa langu mwenyewe nilijihukumu kila mara nilipomtilia mtu mashaka, nikijua kwamba yeye asingefanya hivyo.

Miaka michache kabla hajafariki tulikuwa tumeketi uani kwake, tunamenya viazi, nikamwambia hivyo. Akaacha kumenya.

"Nani alikuambia sikumshuku?" aliuliza. "Nilimshuku tangu siku ile ya kwanza. Unadhani kwa nini nilisogeza mtungi akae karibu nami? Usiku nilikuwa sipati usingizi. Nilisema, huyu akituletea maafa, damu ya watu hawa ni juu yangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Ningesema neno moja tu, mngemtoa siku hiyohiyo. Nikaona shaka ni yangu, nikae nayo."

Akachukua kiazi kingine. Nilimtazama mikono, ilikuwa imezeeka. Ndipo nilipoelewa kwamba Alhamisi zile zote, alipokuwa akitusomea kwa sauti iliyotulia na kungoja mtu mmoja amalize kuswali nyuma ya jiko, Mama alikuwa na hofu kuliko sisi sote.