Tiketi Isiyo na Nakala

Nilikataa kuitoa ile tiketi, na leo ningekataa tena. Nalitanguliza hili kwa sababu katika daftari langu la zamani nilizunguka kurasa tatu kabla ya kulisema, kama mtu anayeomba radhi. Siombi. Ila nitajitahidi kumtendea haki kila mtu, hata yule mwenye baiskeli, maana nimesoma mpaka darasa la nne tu na kukosea nimekuzoea.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini, upande wa Tingi, nyumba zimepangwa mistari kama miche ya shamba la shule. Niliishi na mama mkubwa, dada yake mama yangu, mjane, msusi wa mikeka. Alitaka kitu kimoja tu duniani: bati. Alisema makuti yetu yanavuja hata umande. Alitia chumvi, lakini chumvi hiyo alikuwa na haki nayo, kwa sababu tundu kubwa lilikuwa juu ya kitanda chake.

Ndipo ikaja habari ya bahati nasibu ya serikali. Mwalimu wa madrasa alisema ni kamari, na kamari ni haramu. Simpingi. Elimu yake ni kubwa, na jibu sina mpaka leo. Mimi mwenyewe nilijiuliza, serikali iliyotufundisha kwamba kila mtu ale jasho lake, inakuwaje ituuzie bahati? Nilimweleza mama mkubwa yote mawili. Akaendelea kusuka.

"Jasho langu wameshaliona," akasema. "Sasa waione na bahati yangu."

Aliyeleta tiketi kijijini alikuwa mtu mwenye baiskeli, mfuko wa turubai begani, na barua yenye mhuri. Mtu mpole. Aliwaamkia wazee wote kabla hajataja biashara, na hilo silifuti. Alikuwa na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Ukimpa fedha, anakuandikia namba, anachana karatasi ya chini, anakupa.

"Tiketi yenyewe inabaki kwangu," alituambia. "Naipeleka Lindi ikatunzwe. Wewe shika nakala."

Hakuna aliyeuliza swali. Tungeuliza nini? Kila msimu tulipeleka korosho ghalani, karani akapima, akaandika stakabadhi. Karatasi ya juu ilibaki kitabuni kwake, sisi tukarudi nyumbani na nakala yenye maandishi ya kaboni, tukaifunga kwenye pindo la kanga kusubiri malipo. Tulivyojua sisi, kitu cha serikali asili yake hukaa ofisini na mkulima hukaa na nakala. Mtu wa mjini angecheka. Sisi tulikuwa watu wa korosho.

Na ubaya ni kwamba mimi ndiye niliyewasomea wanawake wenzangu karatasi zile. Walinijia mmoja mmoja. "Iko sawa?" Nami, kwa sauti ya mtu anayejua, nikajibu, "Iko sawa. Namba hii hapa, mhuri huu hapa." Hilo nimeliandika daftarini na kulipigia mstari mara mbili.

Mama mkubwa hakununua siku ile, na si kwa ujanja. Mikeka ilikuwa haijauzwa. Ilipofika siku ya kuipeleka Lindi alinipa ruhusa: ikiuzwa, nimnunulie tiketi moja huko huko. Ikauzwa. Nikaingia duka moja lenye tangazo la bahati nasibu mlangoni. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Alinipa karatasi ngumu, yenye rangi, namba imechapwa kwa mashine. Nikaendelea kusimama.

"Nini tena, mwanangu?"

"Nasubiri nakala yangu, mama. Hii si inabaki kwako?"

Akashusha miwani. "Nikae nayo mimi, halafu ikishinda nile mimi? Tiketi haina nakala. Anayeishika ndiye mwenyewe. Andika jina lako nyuma, usimpe mtu, hata aje na mihuri kumi."

Sikumwambia nilichowafanyia wenzangu. Niliona haya.

Nyumbani nilichukua kalamu niandike jina la mama mkubwa. Akaninyang'anya. Alikuwa mwezi wa nne katika kisomo cha watu wazima, na herufi zake zilikuwa zinayumba kama mbuzi aliyezaliwa jana. Alikaa mlangoni kwenye mwanga, ulimi nje, tangu adhuhuri mpaka alasiri. Alipomaliza, jina lilikuwa limejaa nyuma yote ya tiketi.

"Halikuwahi kukaa popote jina langu," akasema. "Hata kwenye stakabadhi waliandika la marehemu."

Siku chache baadaye mwenye baiskeli akarudi. Watu walikusanyika barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mtu yule alikwisha kusikia habari ya tiketi ya Lindi.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama mkubwa. "Hiyo lazima isajiliwe. Nipe niipeleke, nikuandikie nakala kama wenzako."

"Mpe, shangazi," akasema balozi. "Mtu ana barua ya serikali."

Mama mkubwa alifungua pindo la kanga. Aliitoa. Mkono ulikuwa umeshanyooka nilipoichukua mimi, nikaikumbatia kifuani. Nikawaza, je, kama nimekosea? Lakini mdomo ulikuwa umeshasema:

"Haitoki."

"Haya! Darasa la nne linatufundisha serikali!" mmoja akapiga kelele, watu wakacheka.

"Darasa la nne hilo hilo ndilo lililowaambia karatasi zenu ziko sawa," nikasema. "Nilikosea. Leteni nakala zenu nizisome tena."

Walileta. Nilisoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye kila tarakimu. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikawa na namba ile ile ya kwanza. Ya tano pia. Kicheko kikaisha.

"Kaboni imeteleza," akasema mwenye baiskeli.

Nilisema, na nashukuru nilisema, kwamba huenda ni kweli, kaboni huteleza. "Basi tuoneshe tiketi zenyewe."

"Ziko Lindi."

"Kesho lori linakwenda. Twende wote."

Akakubali mbele ya watu. Kisha akamgeukia mama mkubwa kwa upole wake. "Mama, mtoto huyu atakuponza. Mwambie anipe."

Mama mkubwa akainyakua tiketi mikononi mwangu. Nilidhani nimeshindwa. Akaigeuza upande wa nyuma, akamwekea usoni.

"Soma hapo."

Akasoma jina.

"Nimeliandika kwa mkono wangu huu. Haliendi Lindi bila mimi." Akaifunga pindoni, mafundo mawili.

Asubuhi lori liliondoka bila mwenye baiskeli. Sisemi alitoroka. Huenda aliugua, huenda alikuwa na msiba; nasema hakuonekana, wala baadaye hakuonekana. Jioni ile balozi alinijia uani, akaangalia huku na huko, akanitolea nakala yake mwenyewe. "Nisomee hii," akasema. Nikasoma. Ilikuwa namba ile ile. Akaikunja, akaondoka, na tangu siku hiyo akawa ananiita mkorofi. Najua aliona aibu. Hata hivyo neno lile silipokei.

Siku ya matokeo tulikwenda ghalani kulikokuwa na redio. Namba zikasomwa. Ya mama mkubwa haikuwamo.

"Kelele zote zile!" mtu akasema. "Bati liko wapi sasa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkubwa hakumgeukia. Aliniuliza mimi.

"Wamesoma zote?"

"Zote."

"Na yangu ilikuwamo kwenye chombo, pamoja na za watu wengine?"

"Ilikuwamo, mama."

"Basi nimekosa kwa haki. Hao wanaocheka hawakuwamo hata kukosa."

Masika yale tulitega sufuria chini ya tundu kama kawaida. Mikeka ilipokamilika tena aliifunga mzigo, akaniwekea fedha ya tiketi mkononi na kuniambia nipite kwa yule mama wa miwani.

"Na ununue kalamu," akasema. "Ile ilivuja kwenye jina langu."