Mama Mkwe Hayumo Kwenye Daftari

Nilijitolea kwa sababu ya mtoto wa jirani yangu. Usiku alilazwa kitandani mzima, asubuhi akakutwa amekufa, na hakuna aliyeweza kusema kilichomuua. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaani Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma. Kituo cha afya kilipotafuta wanawake wa kupita kwenye nyumba zenye vichanga, nikajiandikisha.

Walitufundisha siku moja, kwa mwanasesere wa plastiki. Mtoto alazwe chali, peke yake, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto wala blanketi karibu na uso. Halafu tukapewa daftari la kuandika jina la kila mama aliyefundishwa, naye atie saini.

Nyumba yangu ya tatu ilikuwa ya mwanamke anayevusha karoti kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière kwenda kuuza Goma. Alinisikiliza vizuri, akatia saini, akajitwika beseni lake, akaenda zake. Mtoto wa wiki sita alibaki na mama mkwe wake. Mama mkwe huyo akamlaza kifudifudi mbele ya macho yangu, akamfunika blanketi mbili.

Nikamwambia muuguzi anayetusimamia kwamba tunamfundisha mtu ambaye mchana kutwa hayupo nyumbani. Akajibu kuwa daftari lina nafasi ya mama mzazi tu. Nikaomba basi tuwaite mama wakwe wote kwenye mkutano. Akasema utapangwa.

Nilingoja wiki mbili, nikachoka. Nikarudi peke yangu, nikaketi na yule mama mkwe, nikamweleza yote kwa utulivu. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akasema, "Mi nilizaa watoto munane. Wote nililalisha kwa tumbo. Saba iko hai."

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikamuuliza habari za yule wa nane.

"Asubui nilimukuta baridi. Alikuwa na miezi mbili." Alimtazama mjukuu wake, kisha mimi. "Donc, kumbe ni mi nilimuua?"

Kwenye mafunzo hakuna aliyetuambia kwamba swali hili litakuja. Jibu la kweli lilikuwepo: hakuna ajuaye, hata daktari; kulaza chali kunapunguza hatari, basi. Lakini nilikuwa na haraka ya kumfariji, nikasema, "Hapana, mama. Wakati ule hamukujua."

Nililisikia neno langu likitua vibaya. Kumwambia hakujua ni kumwambia ndiyo, ni yeye. Akainuka, akafungua mlango, akaniomba nitoke. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nilipomsimulia muuguzi, akaniuliza kama nilimwachia ile karatasi tunayogawa, yenye picha ya mtoto aliyelala chali.

Nilikasirika hadi nikashindwa kushona siku nzima. Nilimkasirikia muuguzi, na mafunzo ya siku moja, na mkutano usiopangwa. Nikajikasirikia mimi zaidi, kwa kuingia nyumbani kwa mtu na kufukua kaburi ambalo sikuweza kulifukia.

Ijumaa nikakutana na mkwe wake akirudi kutoka mpakani. Aliniambia kuwa mama mkwe hasemi naye sana siku hizi, lakini mtoto anamlaza chali. Blanketi moja ameikunja, ameiweka kando. Anaketi karibu na kitanda mpaka mtoto aamke, hata chakula kiungue. Nikamuuliza kama naweza kwenda kumwomba msamaha. Akafikiri kidogo, akasema, "Wacha kwanza, dada. Hapendi kukuona."

Mtoto yule sasa anatambaa. Watu wa kituo wananipongeza, nami sijui niwajibu nini. Bibi yake tukikutana sokoni huhamia upande wa pili wa njia, na mimi hujifanya nachagua vitunguu.

Mkutano wa mama wakwe bado haujaitishwa. Wiki hii nimepewa nyumba mpya karibu na msikiti. Nilipobisha hodi, aliyefungua ni mwanamke wa makamo, mtoto mgongoni. Nikamwomba tuketi, na kabla ya kusema lolote juu ya kulala, nikamuuliza amelea wangapi, nikakaa kimya nimsikilize.