Mti Alioonyeshwa Mama wa Maziwa

Mama aliyekuwa akituuzia maziwa ya ngamia kwenye barabara kuu ya Isiolo hatunaye tena. Habari nilipewa na jirani yake wa Bulla Pesa, na kufikia alasiri alikuwa ameshazikwa, kama dini yake inavyotaka. Wasomaji wangu wa siku nyingi watanisamehe nikiziacha siasa leo. Nimekunywa maziwa ya mama huyu tangu nikiwa na nywele kichwani, na nimemlilia.

Alikuwa akiuzia chini ya mwarobaini mkubwa. Maziwa hayapendi jua, kwa hiyo aliuzunguka mti kadiri kivuli kilivyohama: asubuhi ungemkuta upande wa duka la mabati, alasiri upande wa barabara, na sisi wateja nyuma yake na stuli zetu mkononi. Aliyechelewa kuhama alitaniwa kwamba anataka kuokwa. Kisha barabara ikapanuliwa na mwarobaini ukakatwa. Sina ugomvi na barabara, naipita kila siku. Ila mama alibaki na mwavuli ambao upepo wa Isiolo uliuvunja mbavu upesi, maziwa yakawa yanachacha kabla ya adhuhuri, na wateja wa chai wakaanza kumkimbia.

Sera ya mji ilikuwepo, na ilisema vizuri tu: mti ukikatwa kupisha ujenzi, mwingine upandwe. Upandwe wapi, haikusema. Miche ikapelekwa Burat, nje ya mji, ambako nafasi ilikuwa tele na hakuna aliyekaa juani akiingoja. Mama aliposikia hivyo alinikokota tukaenda, tukamkuta afisa mmoja kijana akisimamia upandaji huku jasho likimtoka.

“Salaam aleikum,” mama akamwambia. “Kivuli yangu mmeleta huku?”

“Aleikum salaam. Mama, miti tumerudisha.”

“Sawa. Yangu ni gani?”

Afisa alinitazama mimi, akatazama safu ya miche, kisha akanyoosha kidole. “Ni ile ya mwisho, mama.”

Nilingoja mama awake. Badala yake alikwenda hadi kwenye ule mche, akaushika jani, akatulia kama mzazi aliyempata mwanawe kwenye foleni ya shule. Kila alfajiri alikuwa akienda Burat kupokea maziwa kutoka kwa wafugaji na kuwarudishia mitungi mitupu. Tangu siku hiyo mitungi ilikwenda na maji, akaumwagia mche wake kwanza ndipo akawarudishia. Akauzungushia na matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi. Nilimtania kwamba sisi wateja hatutafika Burat kutafuta kivuli.

“Wewe kunywa maziwa,” akanijibu. “Hiyo ni yangu. Nimeonyeshwa.”

Kwenye matanga, wanawake wakiwa ndani na sisi wanaume tumekaa nje chini ya turubai, yule afisa alikuja akaketi kando yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mzee, mimi sikujua yake ni gani. Nilionyesha yoyote tu, ndio aende.”

Kesho yake tulikwenda Burat pamoja. Safu nzima imebaki vijiti vikavu na mashimo, isipokuwa mwarobaini wa mwisho, ambao sasa umenipita kimo. Mbuzi mmoja alikuwa amelala kwenye kivuli chake, ametulia kabisa. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka mbele ya kijana wa watu.

Nimewaza sana tangu hapo. Miche yote ilikuwa ya aina moja, ikapandwa siku moja kwenye udongo uleule. Uliopona ni ule ambao mtu aliambiwa ni wake, hata kama aliambiwa ili aondoke. Sera yetu inajua kupanda, lakini haijui kumkabidhi mtu. Na kama ingemkabidhi mama yule mti wake palepale alipokuwa akiuzia, angekufa akiwa kivulini.

Siku ile, kabla hatujaondoka Burat, nilimwambia afisa, “Nami nionyeshe yangu.”

Aliinamisha kichwa kwa haya, kisha akanyoosha kidole kwenye shimo tupu lililopakana na mti wa mama. Mche ataleta yeye. Mtungi wa maji nimeshaununua.