Mfupa Uliotiwa Jina

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Nilikuwepo, ilikuwa mchana kweupe, na sinywi pombe.

Ilikuwa Guangzhou, kule China, miaka ile ambapo kila Mwafrika aliyeshuka Xiaobei, mtaa wetu wa biashara, na begi moja alijiona tajiri. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanga. Jumamosi niliwatafsiria wafanyabiashara. Siku hiyo nilikuwa na Papa Anselme wa Lubumbashi (Wakongo humwita Papa kila mtu mzima), mtu mwenye maringo kuliko akili. Alitaka mifupa ya nyangumi achongeshe misalaba, awaambie waumini kwamba imetoka kwa samaki aliyemmeza Yona. Ndiyo, umesikia sawasawa.

Muuzaji alitufungia mlango, akatoa pingili ya uti wa mgongo. Ni ya ndama wa nyangumi wa kijivu, alisema, aliyefia nyavuni. Nikamweleza Papa kwamba wanyama hao wamebaki wachache mno pwani hii, na sheria inakataza hata mfupa wao kuuzwa.

"Petit," akanijibu, akiniita mdogo kwa Kifaransa, "nilikuita utafsiri, hapana kuhubiri."

Kisha akafanya kama wafanyavyo wanunuzi wote kule ili kiwanda kisibadilishe sampuli: akatoa kalamu ya wino mzito, akaandika jina lake kamili juu ya mfupa.

Hapo tukamwona mwanamke ndani, na mlango bado umefungwa. Niamini. Mrefu, anachuruzika maji, ngozi ya kijivu yenye mabaka, shingoni ameota magamba meupe kama yale yanayoganda chini ya meli.

"Nipe mwanangu," alisema.

Nilisikia Kichina, nikafungua kinywa nitafsiri. Papa, asiyejua hata kuomba maji kwa Kichina, alishajibu: "Mama, enda kule ku soko ya samaki."

Mwanamke hakukasirika. Alipitisha kidole juu ya wino. "Umempa jina lako. Basi ni wako. Mlilie."

Akatoa pumzi moja ndefu, tukalowa maji ya chumvi sote. Tulipofuta macho hayupo, mfupa upo.

Papa alicheka, na kicheko kikavunjika katikati. Akakaa sakafuni, akaupakata ule mfupa, akalia kama mzazi. Kesho yake nilimpeleka baharini kwa basi; akauzamisha kwa mikono yake, akidhani atapona.

Hakupona. Mkewe huniambia kwamba mpaka leo mumewe huamka akimwita mtoto ambaye hawakumzaa. Papa simwonei huruma sana. Wala sijisifu, maana mimi ndiye niliyemtafutia muuzaji.

Nawe ukiletewa mfupa wa mnyama huyo, hata bure, usiuguse. Bahari ile bado ina wazazi wachache, na mlango uliofungwa hauwazuii.