Siku Tuliyompeleka Anti Mercy Mlimani

Juzi tulisimama Voi kunywa chai, nikasikia nyani akibweka vichakani. Wenzangu walikumbatia mifuko yao, maana nyani wa njia ile hawana haya hata mbele ya karanga za mtoto. Mimi nilicheka peke yangu, halafu machozi yakanilengalenga. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Nilikulia Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar. Baba aliendesha basi dogo la chekechea, mama alishona nguo nyumbani. Siku za mapumziko mama na wenzake walijitolea kupika katika fleti moja ya mtaa wa Kandara, hukohuko Jeddah, wakiwalisha Wakenya wagonjwa na wale waliokwama wakingoja karatasi za kurudi kwao. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele. Nikianza kuzembea huku nauliza ukoko, Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Unguja aliyetawala masufuria, alinikumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Anti Mercy alipika pamoja nao. Alikuwa Mkristo kutoka Wundanyi, kwenye milima ya Taita, na alifanya kazi za ndani kwa madam aliyempa ruhusa ya Ijumaa tu. Basi wiki moja mama yake mzazi akafariki. Kafili, mwajiri aliyemdhamini, alisema karatasi za kutoka nchini haziwezi kuwahi mazishi, halas, basi. Maziko yalipangwa Ijumaa, saa nane mchana, na saa za Jeddah na za Kenya ni zilezile.

"Siwezi kuwa huko, najua," alimwambia mama. "Lakini saa ile isinikute kwenye joto hili nikikata vitunguu. Nipate tu mahali pa baridi, penye ukungu kama kwetu."

Kwa hiyo Ijumaa ile masufuria yaliachiwa wengine. Baba alimwomba bosi wake lile basi, tukaondoka alfajiri, Bi Zuhura akiwemo, kwenda Al-Hada, mji mdogo ulioko juu ya milima ya Taif. Mimi nilijua ni matembezi. Nilikuwa nimevaa viatu vya Idi.

Njia fupi hupita Makka, na asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia humo. Kuna barabara nyingine ya kuzunguka, ndefu na kavu. Tulipokaribia njia panda, Anti Mercy aliinama mbele.

"Baba Salma, pita tu hapa. Si wote tumevaa mabaibui? Nani atanijua? Tukizunguka tutachelewa."

Kimoyomoyo nilimuunga mkono, kwani nilikuwa na njaa na mahamri yalikuwa yamewekewa ahadi ya kuliwa mlimani. Mama aligeuka kutoka kiti cha mbele.

"La, Mercy. Hatukukutoa tukufiche kama bidhaa ya magendo. Leo mfiwa ni wewe."

"Na ardhi tukufu haiingiwi kwa hila," akaongeza Bi Zuhura. "Zunguka, mwanangu. Tutafika."

Baba akakata usukani, tukazunguka. Nilihesabu ngamia hadi nikalala.

Niliamshwa na masikio kuziba. Barabara ilikuwa ikijikunja ukutani mwa mlima, na upepo ulioingia dirishani ulikuwa wa baridi kweli, baridi ambayo Jeddah hupatikana ndani ya friji tu. Al-Hada ilinipendeza kuliko mahali popote nilipowahi kuona. Wazee waliuza matunda ya mpungate yaliyomenywa, matamu na yenye mbegu ngumu. Tulipita vichochoro vya nyumba za mawe tukinusa kuni zinazoungua, na Bi Zuhura akijadili bei ya asali ambayo hakuwa na nia ya kuinunua. Adhana ilipoita, maduka yakafungwa na baba akaenda kuswali Ijumaa. Sisi tukakaa kwenye miamba ya ukingoni, ukungu ukitupanda miguuni, tukafungua mahamri.

Nyani dume alitokea nyuma yetu, akanyakua mfuko mzima. Bi Zuhura alimwomba Mungu, mama akanivuta. Anti Mercy yeye aliruka juu, akaokota jiwe, akapiga kelele kwa Kitaita, sauti nene, ya amri, ambayo sikujua kama anayo. Nyani aliangusha mfuko akakimbia. Tulicheka hadi tukashikana mbavu, naye akacheka pia.

"Hivyo ndivyo mama alivyowafukuza," alisema. "Shambani, kwenye mahindi. Alinifundisha nikiwa mdogo kama huyu Salma. Sauti imetoka kama yake."

Ndipo akakaa chini akalia. Tangu msiba ulipomfika alikuwa hajalia.

Hakuna aliyemwambia nyamaza. Saa nane ilipofika alichimba kishimo kwa kijiko cha chai, akachota udongo kwa mkono, akauangusha taratibu. Mama akafuata, kisha Bi Zuhura, kisha mimi, kwa mkono wenye sukari ya mahamri. Anti Mercy aliomba kwa dini yake, wao wakainua mikono kwa yao. Mimi nilidhani ni mchezo wa huko Taita, nikafurahi kushirikishwa.

Maana yake niliielewa nikiwa mtu mzima, mama yangu alipofariki Mombasa. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Jeneza lilipotolewa nyumbani, wanaume wakalipokezana mabegani, nami nilibaki mlangoni sijui niipeleke wapi saa ile. Watu wema walinishika wakinihimiza nijikaze. Anti Mercy, ambaye sasa ana mvi, alikuwa ameteremka kutoka Wundanyi tangu usiku. Aliwaomba wapishe, akanitoa hadi uani, akakaa chini na kunikalisha pajani pake, mimi mtu mzima mwenye watoto.

"Lia, Salma," alisema. "Mama yako alinizungushia njia yote ile ili mimi nilie."

Nikalia, naye akanishikilia mpaka wanaume wakarudi.