Silinda Niliyoisuuza

Katika mtihani wa kemia chuoni Embu, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, tulifanya kazi wawili wawili kwa sababu vyombo havikutosha. Mwenzangu alikuwa Muembu, mtaratibu kuliko mimi. Yeye alishika bureti, mrija wenye alama wa kudondoshea asidi. Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya magadi kwa pipeti, ule mrija wa kioo ambao siku zile tuliuvuta kwa mdomo.

Nami nilikuwa nimefunga. Ilikuwa Ramadhani, na Mwislamu darasani nilikuwa peke yangu. Nilishachoka kutaniwa, kwa hiyo sikumwambia mtu. Wakiniuliza mbona sili, nilisingizia tumbo. Niliogopa tone likiteleza kooni saumu imekwenda. Nikaiweka pipeti kando, nikachukua silinda ya kupimia, na kila kabla ya kupima naisuuza kwa maji. Baba alikuwa na bucha Meru mjini, na mtoto wa bucha haachi chombo bila kukiosha.

Mara tatu tulizopima tulipata jibu lile lile, asidi ishirini na mbili. Tukaliandika kwa madaha, tukakabidhi karatasi.

Nje, wenzetu wote walikuwa wakitaja ishirini na nne. Hapo nikaelewa kosa langu. Silinda nilikuwa nikiisuuza bila kuikung'uta. Kila nilipopima, nilipima magadi pamoja na maji yaliyobaki chini.

Kwangu mimi, kuanguka kulikuwa kurudi kukata nyama. Askari wa vizuizi vya barabarani wakiiona kofia yangu ya Kiislamu walinipungia nipite, maana hawakunishuku kuwa Mau Mau. Mwenzangu alikuwa na barua ya chuo tu ya kumpitisha, na aliyeanguka aliinyang'anywa siku hiyo hiyo. Kijana wa Embu asiye na barua alipelekwa kuchimba handaki ukingoni mwa msitu, hom-gadi, wale walinzi wa serikali vijijini, wamesimama nyuma yake na bunduki. Kaka yake alikuwa huko tayari.

Nilizunguka bweni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ulikuwa woga, sina jina jingine la kuupa. Mwisho nikaenda kwa mwalimu, nikamweleza yote, saumu na silinda. Akauliza kama nimetumwa na mwenzangu. Nikasema la. Akasema mwenzangu atarudia kesho, peke yake. Mimi nitabaki na sifuri yangu, kwa kuwa niliacha chombo nilichoagizwa.

Mwenzangu alirudia, akafaulu. Mimi nikafunga sanduku. Alinibebea hadi barabarani, uso umemvimba. Nilijua ana hasira kwamba nusura nimponze, na nilimpa haki yake.

Alipolitua sanduku ndipo akasema, "Wewe, si ungeniambia tu umefunga? Hiyo pipeti ningevuta mimi."

Tulikuwa tumekaa meza moja miezi tisa, na wazo hilo halikuwa limenijia hata mara moja.