Aliyetaka Nifungue Rejeta

Mke wangu hunikataza kusimulia kisa hiki wageni wakiwa bado wanakula, lakini wewe umeuliza, na mimi si mtu wa kumnyima mwenzangu ukweli. Cheka ukitaka. Wengi wamecheka, na shemeji yangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Lakini nilikuwepo, macho yangu haya yalikuwa wazi, na sikuwa nimeonja busaa, pombe yetu ya nafaka, hata tone, ingawa siku hiyo ilikuwa nyingi.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa tohara. Mpwa wangu Wafula, mtoto wa dada yangu, alikuja kwangu Kachibora kama mila yetu Wabukusu inavyotaka. Siku moja kabla ya kisu, mvulana huenda kwa mjomba wake, mjomba humchinjia ng'ombe na kumvisha shingoni kipande cha nyama ya kifuani tunachokiita luliki, kisha mvulana hurudi kwao siku hiyo hiyo akipiga njuga zake. Kwao ni ng'ambo ya Kanduyi, kule Bungoma. Asipoingia bomani mwa baba yake kabla ya giza, hakuna atakayeuliza barabara ilikuwaje. Watasema aliogopa kisu akatoroka. Jina hilo likimshika mtu halimwachii. Namjua mzee mwenye wajukuu ambaye mpaka leo huimbiwa wimbo wa waoga akipita matangani.

Sasa nikwambie kuhusu gari. Langu ni la dizeli, la zamani, la kupanda milima, na ndilo hubeba maziwa na viazi vyangu. Mafundi wetu wa Kitale wana ugonjwa mmoja: gari likipelekwa na joto, kitu cha kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa. "Mzee, hii ni ya Ulaya, huku haina kazi." Haina kazi? Themostati ni mlango mdogo tu. Hufungia maji mpaka injini ipate joto lake, kisha hufunguka yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, asubuhi za Cherangany injini hutetemeka kama mgonjwa wa malaria, na dizeli huisha kana kwamba tangi limetoboka. Nilichoka na upuuzi huo. Nikanunua mpya, na asubuhi ya siku ile nikaifunga mwenyewe, mpira mpya na kila kitu, kile kipini chake cha kupitisha hewa kikiangalia juu inavyotakiwa. Nikajaza kulanti, yale maji ya kupoza injini. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kutoa hewa, maana ukijaza mfumo mpya, hewa hujificha ndani na kuyazibia maji njia.

Hapo ndipo wazee wakaniita: ng'ombe ameanguka, njoo umvishe mtoto. Wewe ungewaambia wazee wa ukoo wangoje kwa sababu unatoa hewa kwenye gari? Nilinawa mikono nikaenda. Niliporudi, shemeji yangu, huyo huyo wa chai, alikuwa ameshafunga kifuniko cha rejeta, ameshusha boneti, na alikuwa anapangusa vumbi akijisifu kwamba amenisaidia. Nikadhani hewa ameshaitoa.

Waimbaji waliokuja kumsindikiza Wafula walitangulia na pikapu. Sisi wawili tukafuata, Wafula akiwa kando yangu na luliki yake shingoni na njuga magotini. Nyanya yake alikuwa amemwonya mbele yangu: mtoto aliyevishwa nyama ya mjomba haongei na watu njiani, hasalimii, haitikii. Kinywa chake ni njuga mpaka afike kwao. Mtoto akashika neno hilo kama amri ya kanisani.

Tulipita Kitale vizuri. Mbele, kabla ya Webuye, kuna mteremko unaoshuka hadi kwenye mto mdogo, kisha barabara inapanda kwa ukali. Manyunyu yalikuwa yameanza, na ukungu umekaa bondeni. Katikati ya ule mpando mshale wa joto ukaruka juu. Nikawasha hita kuujaribu mfumo, na hita ikapuliza hewa baridi. Injini inatokota, hita inapuliza baridi: hiyo ni hewa iliyonaswa, haihitaji shahada. Nikaegesha pembeni kwenye udongo, pua ya gari ikiangalia juu, nikatia jiwe nyuma ya tairi. Nikapigia simu wale wa pikapu. Hawakusikia, na kwa nyimbo zile wangesikiaje? Jua lilikuwa limeanza kulegea nyuma ya mawingu, na moyo wangu uliniuma kwa ajili ya yule mtoto.

Nilikuwa nimeinamia injini niliposikia mtu akisema, "Pole, mzee. Gari imechemka?"

Alisimama upande wangu wa kushoto, mwanamume mrefu mwenye ovaroli, kofia ya koti imemfunika kichwa, mtungi wa maji mkononi. Sikumsikia akija. Nilifurahi, sitaficha. Mtu kwenye barabara tupu na maji mkononi, nani hangefurahi?

"Imechemka, ndugu," nikasema. "Naingoja ipoe kidogo."

"Si ufungue tu hapa juu nikuwekee maji? Utangoja mpaka saa ngapi?"

"Rejeta yenye moto haifunguliwi, bana. Maji yatakurukia usoni."

"Sisi hufungua kila siku. Na hiyo themostati ungetupa, ati ni ya nini?"

Hapo nikajua ni fundi, na nikamkasirikia kidogo kama ninavyowakasirikia wote. Lakini hakunijibu hasira. Aliinama akamtazama Wafula kupitia dirishani, akatabasamu.

"Wafula," akasema. "Umetoka kwa khocha wako?"

Khocha ndiyo mjomba kwetu. Nilijiambia, Wafula ni wengi, ukirusha jiwe Bungoma litampata mmoja, na luliki inaonekana na kila mtu. Mtoto akafungua mdomo, halafu akakumbuka, akaufunga.

Mtu yule akanigeukia, na sauti yake ikawa laini. "Jua linaingia, mzee. Giza likimkuta hapa, kesho watasema alitoroka. Ataimbiwa mpaka azeeke. Ni wewe utakuwa umemfanyia hivyo. Fungua."

Niamini, maneno yale yaliingia mahali ambapo nilikuwa tayari naumia. Nikachukua kitambaa. Nikakiweka juu ya kifuniko, mvuke ukinivumia usoni. Yeye akatua mtungi chini, akaweka mkono wake juu ya wangu kunisaidia kuzungusha, na mkono ule ulikuwa wa moto kuliko kitambaa, kuliko injini yenyewe. Ndipo nikamtazama vizuri. Manyunyu yalikuwa yamenilowesha mpaka shati limenigandama mgongoni, na ovaroli yake ilikuwa kavu. Kofia kavu. Mabega makavu. Tone la mvua lilikuwa linafika karibu naye halafu silioni tena.

Nikavuta mkono wangu. Nikasema kwa sauti, "Kama atachelewa, atachelewa akiwa na macho yake na mjomba mwenye uso. Sifungui."

Akasogea karibu zaidi. Muda wote ule alikuwa amenionyesha shavu moja tu, na sasa akaanza kuligeuza lile lingine. Mimi ningelitazama. Lakini ndani ya gari njuga zikalia. Wafula hakuweza kusema, nyanya alikuwa amemkataza, basi akapiga njuga, akazigonga kwa nguvu zote za mtu anayekwenda kukutana na kisu, gari zima likajaa mlio. Yule mtu akasimama. Niliona ukingo tu wa lile shavu la pili, jekundu, limevimba malengelenge, linafuka mvuke. Kisha akaokota mtungi wake akateremka kuelekea mtoni, na ukungu ukamfunga.

Nilitazama chini. Udongo ulikuwa laini kama uji. Nyayo zangu zilikuwepo, za kuzunguka gari na za kutafuta jiwe. Za mtu mwingine hazikuwepo.

Unafikiri nilikimbia? Ningekimbiaje, gari likiwa limechemka? Wafula aliendelea kupiga njuga, na mimi nikangoja chuma kipoe mpaka nikaweza kukishika kwa kiganja kitupu. Ndipo nikafungua kifuniko polepole, kikatoa pumzi ndogo tu, pfff, ya mtu aliyeshiba. Nikaongeza kulanti niliyobeba. Nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi, hita juu kabisa, nikawa nakamua paipu ya juu kwa mkono kama ninavyokamua ng'ombe wangu. Kwanza kimya. Kisha themostati yangu mpya, ile ya Ulaya isiyo na kazi, ikafunguka. Paipu ikapata joto ghafla mkononi, na mapovu yakaanza kupanda, makubwa, yakipasuka moja baada ya jingine. Maji yakashuka, nikaongeza. Yakashuka tena, nikaongeza. Mwishowe yakatulia, na hita ikanipulizia hewa ya moto usoni. Nililia, nakwambia wazi. Nililia kwa furaha nikiwa nimeshika spana.

Tuliupanda mlima ule mshale ukiwa katikati, umelala kama mtoto aliyenyonya. Webuye tuliipita. Kanduyi tuliipita taa zikianza kuwaka madukani, anga bado ina wekundu. Tulipoingia njia ya kwao, watu walikuwa wamesimama langoni kimya, na dada yangu ameshika kichwa. Wafula akashuka kabla sijasimamisha gari, akapiga njuga zile, na boma lote likalipuka kwa nyimbo. Walinibeba mabegani mimi pamoja naye, na mimi si mwepesi. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya kisu bila kupepesa macho. Baadaye nilimuuliza kama aliogopa. Akasema, "Khocha, baada ya yule wa jana, kisu ni nini?"

Wafula sasa ni kijana mkubwa, ana ndevu, na haongei sana juu ya siku ile. Mimi nina alama ya vidole vinne hapa nyuma ya kiganja, tazama, nywele hazijawahi kuota tena. Manyunyu yakinyesha huwasha kama imeungua jana. Wenyeji wa bonde lile nimewauliza. Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma pale juu aliniambia tu kwamba zamani fundi mmoja alifungua rejeta akiharakishwa na mwenye gari, kisha mama huyo akabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo ukikwama kwenye mpando ule, kaa ndani ya gari, ngoja ipoe, hata kama dunia nzima inakusubiri. Mtu akija na maji, mshukuru, lakini angalia kwanza kama mvua inamlowesha. Kama haimloweshi, usimpe mkono.